Hotuba ya Bwana Mtaalamu juu ya Uchumi wa Umma

Mabwana na mabibi, nanyi vijana mliochagua kukaa karibu na mlango kwa sababu nisizozijua,

Nimeombwa, na kama sikuombwa basi ilipasa niombwe, niwafunulie siri za kusoma uchumi wa umma katika daraja ya uzamili, elimu ambayo, pasi na majivuno, hakuna pwani hii aliyedumu nayo kuliko mimi, kwani wenzangu wote nilioanza nao walikwisha pewa shahada wakaenda zao, nami ningali nastahabu kubaki.

Msingi wake ni makala ya Paul Samuelson ya mwaka 1954, iliyobainisha kwamba iko mali ambayo mmoja akiifaidi hampunguzii mwenziwe kitu. Makala hiyo ina kurasa 3 tu, na taksiri hiyo hunisikitisha mno, maana dibaji peke yake ya tasnifu yangu, ambayo haijaifikia hoja, haibebeki kwa mkono mmoja. Haraka hiyohiyo ndiyo iliyomponza Frank Ramsey, aliyechapisha nadharia yake ya kodi mwaka 1927 hali ni kijana wa miaka 24. Mimi katika umri huo nilikuwa bado nachagua tai.

Mtatahiniwa hisabati. Msibabaike! Mimi niliidharau tangu siku ya kwanza, na mtahini, kwa insafu yake, akanirudishia dharau ile kwa wino mwekundu.

Kisha yuko James Mirrlees, aliyeuliza mwaka 1971: serikali itamtozaje mtu kodi ya haki, iwapo pato lake laonekana lakini kipawa chake akijua mwenyewe tu? Suala hili lanihusu hasa, kwa kuwa kipawa changu kimesitirika hata maprofesa, pamoja na kukitafuta kwa bidii, hawajakiona.

Ama mdoezi, yaani yule anayefaidi taa ya njiani na siku ya mchango haonekani, elimu yetu haimwiti mpumbavu. Yasema akili yake ndiyo izimayo taa, maana kila mmoja akiwaza kama yeye hakuna atakayenunua mafuta. Nimelihakiki hilo mtaani kwetu, ninakosoma usiku kucha kwa taa ya majirani, wala hawajapata kunishukuru kwa kuwapatia mfano ulio hai.

Naarifiwa kwamba kodi ya ukumbi huu haijalipwa. Basi, tafadhalini, kapu lianzie safu ya nyuma, tena litembezwe kwa utaratibu, kwani nina miadi na yanilazimu kutoka kabla halijafika huku mbele.