Sifa za Bawaba ya Bati

Washairi wetu wamekwisha kuusifu mnazi, jahazi, tambuu na macho ya wake za watu. Bawaba ya bati haijapata hata ubeti mmoja, na dhuluma hii imedumu mno.

Naizungumzia ile ya inchi tatu, inayouzwa kwa jozi ndani ya kimfuko cha nailoni, rangi yake ya dhahabu ikibanduka kwa ukucha. Imezaliwa kwa ajili ya mlango wa kabati la vyombo. Lakini mpangaji wa chumba kimoja akimwonyesha fundi seremala picha ya kitanda cha kukunja ukutani, fundi huikimbilia hiyohiyo, kwa kuwa ipo duka la jirani na kwa kuwa chenji inabaki. Tazama basi ilivyopandishwa cheo: jana ilibeba mlango wa sahani, leo imekabidhiwa futi tano kwa sita za mninga, godoro la inchi nane, bwana, bibi na mtoto anayekataa kulala peke yake. Haikulalamika. Imepinda tu.

Vyuma imara navyo vina ukoo wao, sikatai. Mwanzoni mwa karne ya 20, William Lawrence Murphy wa San Francisco aliishi katika chumba ambacho kitanda kilimeza sakafu yote. Inasimuliwa kwamba alimpenda mwimbaji wa opera, na siku hizo binti wa heshima hakanyagi chumba cha kulala cha mwanamume. Murphy akatengeneza kitanda cha kusimama ukutani, chumba kikageuka sebule, bibi akaolewa. Jina la Murphy likaenea hata mwaka 1989 mahakama ya rufaa huko Marekani ikaamua kwamba "Murphy bed" ni jina la kila mtu. Sawa. Ila kitanda kitiifu hakichekeshi mtu. Charlie Chaplin alipotoa filamu ya One A.M. mwaka 1916, aliyemtoa jasho ni kitanda cha ukutani kisichosikia la mkubwa.

Maadui wa bawaba yangu ni watu wa hesabu. Watakuambia kitanda kikisimama wima hakina uzito wa kutisha, bali kikikaribia kulala ndipo kinapovuta kwa nguvu zote, kwa hiyo kinataka egemeo la chuma kinene na springi au pistoni za gesi za kukipokea. Watakupeleka kwenye maduka ya vipuri uchague shokapu za buti la gari, usome namba iliyogongwa ubavuni pamoja na herufi N, uilinganishe na uzito wa kitanda. Ikizidi, kitanda hakishuki mpaka ukining'inie, ikipungua, kinakuangukia. Tena usizifunge kabla godoro halijakaa, maana fremu tupu hupaa na kidevu cha fundi. Kisha wataugeukia ukuta: tofali lina uwazi ndani, plasta ni mchanga mtupu, kwa hiyo tafuta zege au bolti ya kupenya hadi upande wa pili. Masharti yote haya ili mtu asinzie!

Bawaba ya bati haina masharti. Na ina adabu: kabla ya kuachia hulia kwanza, kwii, usiku wa manane, ukapata nafasi ya kutoa miguu. Chuma imara kingekaa kimya ukalala fofofo kama gogo, usijue hata mwizi kaingia. Mgeni aliyesema atakaa siku mbili, akiisikia hiyo kwii, hukumbuka shughuli kwao.

Na fundi je, angekula nini? Anaitwa. Anachungulia tundu la skrubu lililopanuka, anavunja njiti za kiberiti, anazisokomeza mle na gundi nyeupe, anarudisha skrubu ileile na kuipigapiga kwa kiganja: "Hii sasa haitoki, bosi." Inatoka. Akirudi haleti bawaba nene, analeta ya tatu. Safari nyingine ya nne. Mwishowe anashauri stuli iwekwe chini ya pembe, misumari ya inchi nne ipigwe huku na huku, kitanda kisikunjwe tena. Mpangaji anabaki na kitanda cha kawaida alichokilipia bei ya kitanda cha ukutani, na fundi anadai nauli.