Mheshimiwa Foleni

Mtu akirudi kutoka Kombe la Dunia, majirani humuuliza magoli. Humuuliza kama alimwona Messi kwa macho yake, uwanja una ukubwa gani, wenyeji wanakula nini. Hakuna anayemuuliza habari za foleni, ilhali huko ndiko alikoishi. Mechi ni dakika tisini na za nyongeza. Muda wote uliobaki, tangu alipoiwazia safari mpaka alipotua tena Dar es Salaam au Mombasa, ameutumia akikitazama kisogo cha mtu. Wachezaji wana wa kuwasifu na makocha wana wa kuwatukana. Foleni haina mtu, basi nimejitolea mimi.

Ukarimu wake wa kwanza ni kwamba haikungojei ufike ugenini. Inakufuata nyumbani. Siku tiketi zinapoanza kuuzwa unaingia kwenye tovuti ya waandaaji, na hapo unakutana na mchoro wa kijitu kinachotembea juu ya mstari, pamoja na onyo kwamba usifunge ukurasa. Mbele yako wametangulia watu wengi kuliko wakazi wa wilaya yako. Kijitu kinatembea, hakifiki. Bando linakwisha, umeme unakatika, kijitu kikirudi kimerudi mwanzo. Foleni gani nyingine itakubali kukupokea ukiwa umevaa msuli, umelala kitandani?

Kisha ubalozini, na hapa ndipo inapoonyesha elimu yake. Unaombwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, na ushahidi kwamba unayo sababu ya kurudi kwenu. Wapo waliogundua pale dirishani kwamba sababu yao ya kurudi ni moja tu, wanapapenda kwao, na hiyo haina fomu. Kwa Kombe la 2026 Marekani ilitangaza utaratibu wa kuwapa wenye tiketi miadi ya usaili mapema, huku ikikumbusha kwamba tiketi si viza. Yaani unasogezwa mbele ya foleni moja ili uwahi kuingia nyingine. Kama hiyo si heshima, sijui heshima ni nini.

Qatar mwaka 2022 walijaribu kuwa wapole zaidi. Kadi ya Hayya ilikuwa kibali cha kuingia nchini, nauli ya metro na ruhusa ya kufika uwanjani, vyote kwa pamoja. Ungedhani foleni imekufa. Ilikuwa imehamia tu. Viwanja vinane vilikuwa ndani ya Doha au si mbali nayo, mechi nne zikichezwa kwa siku katika raundi za mwanzo, na dunia nzima ikitakiwa kupita kwenye njia tatu za metro. Uwanja wa Lusail peke yake ulibeba watu zaidi ya 88,000. Filimbi ya mwisho ikilia, wote hao walitaka kulala.

Ndipo zilipotokea nyuzio za kuelekeza umati. Kituo cha metro unakiona pale, ungeweza kukirushia kiatu, lakini uzio unakupeleka kinyume chake, unakukunja, unakurudisha, unakupitisha tena mbele ya watu wale wale uliowapita hapo awali, na sasa mnasalimiana. Watu walilaani, lakini waliochora njia ile walijua wanachofanya. Treni hubeba idadi yake na jukwaa la kituo lina mwisho wake. Wakifika wote kwa mara moja, walio mbele wanabanwa na walio nyuma. Kwa hiyo unarefushiwa njia hadi mwendo wa miguu ulingane na mwendo wa treni. Na binadamu tuna tabia moja: tukisimamishwa tunakasirika, tukitembezwa hata kwa kuzungushwa tunaamini tunakwenda. Foleni inatujua vizuri kuliko tunavyojijua.

Doha hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa shujaa wa mashindano ambaye hakugusa mpira. Abubakr Abbas, kijana Mkenya, alikalishwa juu ya kiti kirefu karibu na soko la Souq Waqif akiwa na kipaza sauti, kazi yake kuwaonyesha watu njia ya kituo. Kazi ya kusema jambo moja usiku kucha. Akalitia mahadhi: metro, huku! Foleni ikaitikia. Yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba watu wakishakuwa wengi na hawana pa kwenda, kinachobaki ni mtoaji na waitikiaji. Abbas alitoa, na watu wa kila bendera wakaitikia, wengine wakarudi kesho yake si kwa ajili ya treni bali kuitikia tena. Akaja kualikwa uwanjani kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani, akawaambia maelfu neno lake lile lile. Mechi yenyewe iliisha bila goli hata moja. Ni halali kusema mwelekezaji wa foleni ndiye aliyeng'ara usiku ule.

Hakuwa peke yake. Vijana wengi wa Kenya na Uganda walikuwa Doha wakilinda malango na kuelekeza njia, na kwa msafiri wa kwetu foleni ndiyo iliyokuwa mahali pa kusikia Kiswahili bila kutarajia. Uko katikati ya Waajentina elfu, umechoka, mara mlinzi anakuona ulivyovaa na kunong'ona, "Songa kidogo, kaka. Mambo vipi huko nyumbani?" Unataka kumjibu, lakini foleni imesogea. Niseme pia, ingawa si kawaida ya sifa kuingiza uchungu, kwamba mlinzi yule alisimama muda mrefu kuliko sisi sote, na alisimama ameupa uwanja mgongo. Magoli aliyajua kwa kelele.

Waingereza, ambao kwao jambo hili linakaribia kuwa dini, wameipa foleni yao ya tenisi ya Wimbledon mwongozo wake wa maandishi. Watu wanalala kwenye mahema katika bustani iliyo jirani. Hema lisizidi watu wawili, na majiko ya kuchomea nyama ni marufuku. Kila anayefika hupewa kadi yenye tarehe na namba, na kadi hiyo haihamishiki, huwezi kumpa shemeji. Alfajiri wasimamizi wanapita wakiamsha watu ili wakunje mahema na kusogea. Tajiri asiye na tiketi analala kwenye nyasi zile zile na mwanafunzi, akijifunika mwavuli, na asubuhi namba yake ni namba tu. Watu huita jambo hili demokrasia. Wakenya wa rika fulani watacheka hapo, maana wanaukumbuka uchaguzi wa 1988, wapigakura walipojipanga nyuma ya wagombea wao, na mahali pengine mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Lakini kosa lile halikuwa la foleni. Foleni ilisimama sawasawa. Aliyehesabu ndiye aliyekuwa na matatizo ya macho.

Ya mapumziko ya nusu ya mchezo nitayapitia haraka. Dakika kumi na tano, maelfu ya wanaume na milango michache ya choo. Kwenye mpira ndipo mwanamume anaposubiri huku dada yake akiingia na kutoka, na sioni mahali pengine ambapo haki hiyo imewahi kutendeka.

Namhurumia mgeni mashuhuri. Anashushwa na gari chini ya jukwaa, anapandishwa kwa lifti, anakalishwa kwenye kiti chenye mto, anapewa korosho. Hajui jirani yake anatoka wapi kwa sababu jirani yake ni waziri, na waziri anajulikana. Hajawahi kulinda nafasi ya mtu wa Saudi Arabia aliyekwenda kutafuta maji, siku ile ya Novemba 2022 walipoifunga Argentina mbili kwa moja, kisha yule mtu akarudi na chupa mbili kwa sababu sasa mmekuwa ndugu. Akirudi kwao atasimulia mechi kama ilivyoonekana kwenye runinga, na aliyebaki nyumbani ataweza kumsahihisha.

Wapo waliosafiri mbali ili tu wawe na haki ya kupanga foleni. Mwaka 2018 nchini Urusi wanawake wa Iran walisimama kwenye malango ya viwanja na bendera zao, wakati nchini mwao viwanja vya soka la wanaume vilikuwa vimewafungia kwa karibu miaka arobaini. Ni Oktoba 2019 tu ndipo elfu kadhaa walipouziwa tiketi za uwanja wa Azadi mjini Tehran, Iran ikicheza na Kambodia. Magoli yalikuwa 14 kwa bila. Nadhani hata yangekuwa sifuri kwa sifuri wangeimba vilevile, maana walichokuwa wamekisubiri walikwisha kukipata walipofika langoni, wakaonyesha tiketi, na aliye mbele yao akasogea.

Foleni inasingiziwa sana. Mei 28, 2022, nje ya Stade de France, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye njia nyembamba na malango yasiyofunguka, wengine wakapuliziwa gesi ya machozi, na ndani ya uwanja ikatangazwa kwamba fainali ya Ligi ya Mabingwa inachelewa kwa sababu watazamaji wamechelewa kufika. Walikuwa nje hapo hapo, wamepangika saa nyingi. Ripoti huru iliyotolewa Februari 2023 iliuweka mzigo mkubwa wa lawama kwa UEFA. Na Januari 24, 2022, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, Komoro wakicheza Kombe la Afrika kwa mara yao ya kwanza, beki wao Chaker Alhadhur akiwa langoni kwa kuwa makipa hawakupatikana, watu wanane walikufa nje kwa kukanyagana. Lango moja lilikuwa limefungwa wakati umati unafika. Ndani, M'Changama wa Komoro akafunga kwa frikiki ambayo hadi leo inazungumzwa kutoka Ngazija hadi Marseille. Wale wanane walikuwa na tiketi ya kuja kuona mambo kama hayo, au walitumaini kuipata. Siku ile foleni ndiyo iliyokosekana, na hakuna aliyekufa pale kwa sababu ilikuwepo.

Sasa zamu inakuja kwetu. Kombe la Afrika la 2027 ni la Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, na wageni watatoka Dakar na Casablanca wakiwa na jezi mpya na matumaini. Tulifanya mazoezi Agosti 2025 kwa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ulifurika, watu wakapenya malango, na CAF ikaamuru mechi ya Kenya na Zambia iingize watazamaji 27,000 tu, wenye tiketi za kielektroniki. Baadhi yetu walichukia. Mimi nilifurahi kuona kwamba hatimaye kuna mtu anaichukulia foleni kwa uzito unaostahili.

Wageni watakuta yetu ina desturi zake, na itabidi waelezwe mapema. Kwetu mtu mmoja anaweza kusimama kwa niaba ya ukoo, na binamu zake wakatokea langoni wakiwa wamepiga pasi. Kwetu "nipo nyuma ya huyu dada" ni hati halali hata kama dada mwenyewe hajui. Na sisi ni watu wa kupanga ndoo bombani tangu alfajiri na kwenda zetu kuendelea na mambo mengine, ndoo zikasogezana kwa uaminifu ambao Wimbledon hawajaufikia. Kwa hiyo Msenegali akikuta ndoo tupu mbele yake kwenye lango la Kasarani, asiipige teke wala asiipite. Mwenyewe yupo, ameenda kununua mihogo.