Bwana Empfang na Bajeti za Harusi

Ukinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, risiti inaandikwa jina lako, chaja unapewa, mfuko unapewa, na muuzaji anakuombea heri. Asiyeambiwa kwamba mali imeuzwa ni laptopu yenyewe. Risiti haiijui na shilingi zako haikuziona. Inamjua yule aliyepewa kuitumia huko ilikotoka, na huyo ndiye inayemsalimia kila asubuhi.

Yangu ilikuwa ikimsalimia mtu wa Ujerumani. Laptopu za namna hii ziko nyingi siku hizi, na kuna sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 ni ya kuchagua: haikubali rasmi laptopu nyingi zenye prosesa za kabla ya kizazi cha nane cha Intel, hata kama ni nzima na zinapiga kazi. Kinachowashinda wenzetu maofisini, kwetu bado ni kitu. Basi yangu ikapanda meli, ikaishia kwenye kaunta ya kioo karibu na Mtaa wa Aggrey, ikiwa na akaunti moja tu ndani yake: Empfang 2. Kwa Kijerumani ni Mapokezi 2, yaani dawati la pili pale mlangoni. Muuzaji hakuona tatizo lolote. Alikuwa ameandika neno la siri kwenye karatasi ya gundi na kuibandika chini ya laptopu, akaniambia, "Dada, we piga kazi tu. Jina la nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa harusi. Mdogo wangu alikuwa anaoa, nami nikapewa ukatibu wa kamati, cheo wanachopewa wenye laptopu. Nikaandaa bajeti ya kwanza, na pembeni ya mstari wa keki nikaweka maoni mafupi: "Hii imezidi, tujadili." Nikairusha kwenye grupu la WhatsApp, nikaenda kupika.

Niliporudi, grupu lilikuwa linawaka. Programu ya kuandikia inaweka jina la mwenye akaunti kwenye kila maoni, kwa hiyo wajumbe wote waliona kwamba aliyeikosoa keki ni mtu anayeitwa Empfang 2. Mama Mdogo, ambaye keki ilikuwa idara yake, alikuwa ameshatuma ujumbe wa sauti, ule mrefu wa kusikiliza umekaa. Kwa ufupi alisema kama keki imezidi, huyo Empfang alete ya kwao. Shemeji mmoja akauliza ni wa upande wa bibi harusi au wetu. Upande wa bibi harusi wakajibu kwa adabu kwamba wao walidhani ni wetu. Baba Mkubwa, mweka hazina, aliuliza jambo moja tu, "Kabla hajakosoa, ahadi yake ni shilingi ngapi?"

Nilieleza. Nilieleza kwa maandishi, nikaeleza kwa sauti, nikapiga na picha ya skrini. Lakini kikao kilichofuata Baba Mkubwa alikuja na kaunta buku yake, ile yenye jalada gumu, na kwenye ukurasa wa ahadi, chini ya jina la fundi suti, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Bw. Empfang, bado.

Hayo ya jina yangeweza kuvumilika kama kibodi nayo isingekuwa ya Kijerumani. Kwenye kibodi zao herufi Y na Z zimebadilishana viti. Muuzaji alikuwa amezibandika stika za mpangilio tuliouzoea, akaona ameshatibu. Stika husomwa na macho. Laptopu haisomi stika. Unabonyeza Z, inakupa Y, kwa moyo mweupe kabisa. Barua ya mwaliko ikaanza na "Wapendwa wayayi". Wageni rasmi wakawa "wayee wetu". Palikuwa na kipengele cha "yawadi". Na kwa kuwa programu ilikuwa inasahihisha kwa Kijerumani, Kiswahili chote kilipigiwa mstari mwekundu, kilicho sawa na kilichoharibika, ukurasa mzima mwekundu, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuliona kosa kwa kuangalia rangi.

"Wayayi" watu walicheka, yakaisha. Kilicholeta maneno ni pale "bajeti ya ukumbi" ilipotoka "bajeti za ukumbi", ikafuatiwa na "bajeti za chakula" na "bajeti za usafiri". Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kwamba bajeti zikishakuwa za, watu wanatazamana. Baba Mkubwa alivua miwani. "Katibu, mwanangu, ziko ngapi?" Na macho ya wajumbe, nawaapia, yalikuwa yanamtafuta Empfang.

Nikaipeleka kwa fundi. Fundi wetu ana jibu moja kwa magonjwa yote: "Tukupigie Windows mpya." Nikamwambia mle ndani mna michango ya watu, hakuna kupiga kitu. Akafikiri, akabofya hapa na pale, na ndani ya muda wa kunywa soda skrini ikawaka na jina langu, kubwa, katikati. Nikalipa. Nyumbani mtoto wa kaka yangu akaichukua, akafungua diski, akaniita. "Shangazi, huyu amebadilisha kibao cha mlangoni tu." Ni kweli. Fundi alikuwa amebadili jina linaloonekana, akaunti ikabaki ileile. Folda inayobeba mafaili ya mtumiaji hubaki na jina iliyozaliwa nalo, hata ubadili jina la mwenye akaunti mara kumi. Kila nilichohifadhi kilikuwa kinaingia kwa Empfang. Hata printa iliyokuwa imechaguliwa ilikuwa bado ni ya ghorofa ya pili huko kwao. Nilipopeleka laptopu steshenari nikabonyeza kuchapa, muhtasari wa kikao ukapanga foleni kwenda Ujerumani, pamoja na mingine iliyotangulia. Printa ile isije ikaunganishwa tena na laptopu hii, maana karatasi zao zote zitaishia kwenye mjadala wa keki.

Kumtoa hasa, alivyonionyesha yule kijana, kuna utaratibu wake, na ni wa kiungwana kuliko nilivyodhani. Windows haimruhusu mtu ajifute akiwa yumo ndani. Kwenye mipangilio kuna orodha ya watumiaji wengine, kila mmoja na kitufe chake cha kumwondoa, lakini uliyeingia kwa jina lake hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo ilibidi kwanza Empfang mwenyewe anifungulie akaunti. Kisha Empfang huyohuyo anipandishe cheo, kutoka mtumiaji wa kawaida hadi msimamizi, maana mtumiaji wa kawaida hana mamlaka ya kumfuta mtu. Kisha atoke, niingie mimi, nimkute kwenye orodha. Yaani mtu anakukaribisha, anakukabidhi funguo, halafu kazi yako ya kwanza ni kumfukuza. Nimeona siasa za namna hiyo, ila sio kwenye laptopu.

Nikakwama mlangoni. Neno langu jipya la siri lilikuwa na Z, na nilikuwa nimeliandika baada ya kijana kuweka mpangilio wa kibodi wa Kiingereza. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa haujapata taarifa hizo. Kule chini kulia, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu mwenye haraka anayeyaona, palikuwa pameandikwa DEU. Neno lilikuwa sahihi, stika zilikuwa sahihi, nami nikawa naambiwa kwamba si mimi. Kijana akabonyeza zile herufi tatu, akachagua Kiingereza, nikaingia.

Nikamfikia Empfang, nikabofya aondolewe. Ikatokea onyo: ukimfuta huyu, kila alichonacho kwenye kompyuta hii kinafutika naye, cha mezani kwake, cha kwenye folda zake, picha, vyote. Na vyote maana yake ni harusi. Orodha ya wageni, michango iliyoingia, namba ya mpambaji, mchoro wa meza: kisheria, kwa sheria za Windows, vilikuwa mali ya dawati la pili la mapokezi. Tukarudi kwake kwa heshima, tukavihamisha vyote kwenye flashi, tukavifungua kimoja kimoja kuhakikisha, ndipo tukabofya. Picha zake chache zilizokuwamo, za wafanyakazi na keki ya mtu ofisini, nilizipa mgongo, hazinihusu. Ingawa keki yao, kwa jicho la haraka, ilikuwa ndogo.

Kijana alisema nina bahati. Laptopu nyingine kampuni zilishaziandikisha kwa namba zake za utengenezaji, na hizo hata uzipige Windows mpya, zikiwaka tu na kupata intaneti zinakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazini. Fundi hawezi kitu hapo. Mpaka kampuni yenyewe iziachie. Za Apple zenye kufuli ya akaunti ni hivyohivyo. Na wala tusiseme za maonyesho, zile zilizokuwa zimekaa dukani zikitazamwa: rafiki yangu anayo ambayo ikiachwa kimya kidogo inaanza kujitangaza yenyewe, video na muziki, na bei yake ya zamani. Anaificha wageni wakija.

Basi kwenye laptopu Empfang akawa hayupo. Bajeti zikarudi kuwa moja, wayee wakawa wazee, na harusi ikafana. Keki ilizidi, kama ilivyosemwa.

Wiki mbili baadaye tukakutana kuvunja kamati, mbuzi akiwa jikoni. Baba Mkubwa alisimama na kaunta buku kusoma wadaiwa, kama ilivyo desturi, polepole, akimtazama kila anayetajwa. Akafika kwa fundi suti. Akafika na chini yake. "Bwana Empfang. Hakutoa hata senti." Nikafungua mdomo nieleze tena, lakini Mama Mdogo alikuwa ameshadakia.

"Na alikuja," alisema. "Mimi nilimwona kwa macho yangu, alikaa meza za nyuma kule. Alikula sahani mbili, na keki akarudia."