Wari Wawili Sebuleni

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu. Silalamiki, wali wake wa nazi peke yake ni kodi ya kutosha. Tabu ni tamthilia yake ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Huanza saa nne usiku, naye huifungulia sauti ya kusikika mpaka Mbagala, ilhali mtoto kalala nyuma ya ukuta.

Nikaenda Kariakoo, nikanunua hedifoni zisizo na waya. "Unawasha tu bosi, zinajishika zenyewe," aliniapia muuzaji.

Nikawasha. Taa ikawa inapepesa, bluu, nyekundu, bluu. Runinga yetu ya zamani haina Bluetooth, lakini sabufa inayotoa sauti yake inayo. Nikaibonyeza mpaka yule dada aliyefungiwa ndani akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba yuko tayari. Hedifoni nazo tayari. Robo saa nzima wote wako tayari, na hakuna aliyemsogelea mwenzake.

Mama akashusha miwani. "Baba Zuhura, hao si wari wote wawili? Mposaji yuko wapi?"

Ndivyo hasa. Sabufa hupokea sauti, hairushi. Hedifoni vilevile. Siku zote mposaji alikuwa simu, sisi tukadhani sabufa ndiyo yenye ujuzi. Kesho yake nikarudi Kariakoo, nikapata kidude cha ukubwa wa kiberiti, chenye swichi ya TX na RX. TX hurusha, RX hupokea. Nikachomoa sabufa, nikakichomeka kidude palepale kwenye matundu mekundu na meupe ya runinga, na swichi nikaiacha kwenye RX. Wakawa wari watatu.

Usiku wa pili nikaisukuma kwenye TX. Taa ikatulia. Kimeshika! Mama akavaa hedifoni, akatikisa kichwa: kimya. Mara tukamsikia Mturuki analia, kwa mbali, kwa besi nzito. Mlango ukagongwa. Ni jirani, kajifunga kanga.

"Jamani, mbona tamthilia yenu iko kwangu?"

Kidude hakina kioo cha kuchagulia. Hushika chochote kilicho wazi karibu yake, na sabufa ya jirani ilikuwa wazi, ukuta mmoja tu. Bluetooth, kumbe, ni jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifika kwa kuunganisha watu. Hakika.

Jirani akaenda kuzima ya kwake, nikaanza upya, posa ikajibiwa. Sauti ilichelewa kidogo nyuma ya midomo, ila kwa tamthilia iliyotafsiriwa nani angejua? Mke wangu, aliyekuwa amejifanya amelala tangu jana, sasa akalala kweli. Nikazima taa.

Hazikupita dakika tano. Mama, masikio kayaziba, sauti yake mwenyewe haisikii:

"MUACHE HUYO MWANAMUME, MJINGA WEE!"

Mtoto akaamka analia. Na kutoka upande wa pili wa ukuta, jirani:

"Kafanya nini tena?"