Tindo na Ukuta

Katika milima ya Masisi, na Nyamitaba ikiwemo, ambako nyumba nyingi husimama kwa mbao au kwa miti na udongo, mwenye kujaaliwa ukuta wa matofali ya saruji hustahiki taadhima, nayo humdumu hadi siku ya fundi umeme. Bwana huyu, ambaye hakuitwa ukuta ulipokuwa ukipanda, wakati mabomba yangaliweza kushushwa bila taabu ndani ya uwazi wa matofali yenyewe, huja baada ya lipu kukauka, ana tindo, nyundo na yakini. Hutoboa tundu la kidole upande wa sebule, na upande wa pili hubanduka pande la kupitisha mbuzi. Kisha huchimba mfereji wa kulala, pembe hadi pembe, ambao kila mwashi ajua kuwa hudhoofisha ukuta. Fundi bomba naye huanza upya upande wake. Mwashi huitwa tena kuziba, kwa ujira, wala sijapata kumsikia akinung'unika. Ama umeme wenyewe, ambao kule Matebe, Rutshuru, mto umekuwa ukiuzalisha tangu mwishoni mwa 2015, haujaonyesha haraka ya kupanda huku; basi waya wa paneli ya jua hupitishwa dirishani.