Namna ya Kuchora Shikamoo za Wiki Nzima

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu. Simu iache. Ukiitoa kila unaposalimiwa, mtu atadhani unampiga picha, na salamu itakatika.

Gawa ukurasa sehemu mbili: shikamoo ulizotoa kwa buluu, ulizopokea kwa nyekundu. Kila moja kijiti chake, cha tano kikivikata vinne kwa mshazari. Pembeni andika kwa ufupi nani na wapi: konda, kituoni, mama wa maandazi, kichochoroni, watoto watatu wa shule kwa pamoja (hivyo ni vijiti vitatu, usiwapunje). Andika papo hapo. Ukingoja jioni utakumbuka za wakubwa na kusahau za watoto, na hapo hesabu imeshaharibika.

Ziko zitakazogoma kuingia popote. Dada uliyemwamkia kwa heshima zote akakujibu, "Usinizeeshe bwana!" Kijana wa bodaboda aliyeanza "shika—", akakutazama vizuri, akamalizia "mambo vipi". Hizi usizitupe, zipe ukurasa wake. Kwangu mimi ndizo tamu kuliko zote, maana zinaonyesha mpaka wa ukubwa na udogo unapopita mtaani, na mpaka huo hauko kwenye kitambulisho cha mtu yeyote.

Wiki ikiisha, chora. Kwa mkono, tafadhali. Giorgia Lupi, Mwitaliano aliyekuwa akiishi New York, na Stefanie Posavec, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, walianza mwaka 2014 kutumiana postikadi. Kila wiki, kwa wiki 52, walichagua jambo moja la maisha ya kila siku: mara walizotazama saa, shukrani walizotoa, malalamiko yao. Wakalihesabu, wakalichora kwa kalamu za rangi. Upande mmoja mchoro, upande wa pili maelezo ya kuusoma. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la MoMA la New York likazichukua postikadi hizo. Nazipenda kuliko ripoti nyingi zenye chati zinazong'aa, kwa sababu kila alama iliyomo ni jambo lililomtokea mtu siku fulani, saa fulani.

Kwa hiyo usijumlishe. Ukisema "shikamoo sitini na moja" umewafuta watu sitini na mmoja. Kipindupindu kilipoipiga Soho, London, mwaka 1854, daktari John Snow hakuridhika na jumla ya waliokufa. Kwenye ramani yake kila maiti alipata kipau cheusi mbele ya nyumba alimofia, na vipau vikarundikana kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Jumla peke yake isingemwonyesha mtu pampu.

Chukua karatasi kubwa, uchore mtaa wako: nyumba, duka la Mangi, kituo cha daladala, kisima, msikiti, kijiwe cha kahawa. Kila shikamoo iwekee nukta pale ilipotamkwa. Kijiweni kutajaa buluu. Njia ya shule itakuwa nyekundu tupu asubuhi.

Kisha tazama palipobaki peupe. Hapo usifanye haraka.

Kwenye ramani yangu palikuwa peupe mbele ya geti jeusi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Pale hukaa mlinzi, mzee mwenye koti zito hata kwenye joto, anayenizidi umri kwa miaka isiyopungua ishirini. Nilikuwa nimepita mbele yake mara mbili kila siku, siku saba, nikiwahi gari asubuhi na nikiwahi nyumbani jioni. Salamu kumi na nne zilizopaswa kuwapo, hakuna hata moja.

Jumatatu nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo huna haraka?"

Nikafungua daftari palepale getini, nikatoa kalamu ya buluu. Akataka kujua ninaandika nini, nikamwonyesha.