Jinsi ya Kuipoteza Kesi Yako Kituoni

Mwongozo huu unawafaa wote wanaotaka kesi yao ife kabla haijafika mahakamani. Asiyetaka ife afanye kinyume cha haya nitakayosema, na huyo ndiye hasa ninayemwandikia. Inaniuma kuona watu wenye haki yao wakitoka polisi mikono mitupu kwa sababu tu hawajui Jeshi la Polisi Tanzania limepangwaje na linafanyaje kazi.

Anza kwa kuchelewa. Simu imekwapuliwa Kariakoo asubuhi. Wewe zunguka kwanza madukani kuulizia, pigapiga namba yako mpaka izimwe, lala, kisha keshokutwa ndiyo ukumbuke kituo. Nenda mikono mitupu: risiti ulishaitupa, boksi uliwapa watoto wachezee, na IMEI hujui ni kitu gani. Namba hiyo ina tarakimu 15. Inatokea kwenye kioo cha simu ukibonyeza *#06#, na ndiyo inayoitofautisha simu yako na nyingine elfu za rangi na jina lile lile. Bila hiyo, mpelelezi hana cha kushika. Iandike leo kwenye daftari la nyumbani, maana ukiihifadhi ndani ya simu itaibwa pamoja nayo.

Ukifika kaunta, simulia kwa uchungu, afande akupe pole, halafu uage na kuondoka. Hakuna njia fupi kuliko hii. Polisi ni kazi ya maandishi tangu mlangoni. Taarifa isiyoingizwa kitabuni haina jalada, isiyo na jalada haina mpelelezi, na isiyo na mpelelezi haitafutwi na mtu, hata kama kila askari zamu ile aliisikia na kusikitika. Anayetaka kesi iishi haondoki bila RB, yaani namba ya taarifa yake kitabuni. Ni mstari mmoja tu: herufi za kituo, kisha RB, kisha namba, kisha mwaka. Uusome palepale, uhakikishe tarehe na kosa vimeandikwa sawa, uupige picha. Haulipiwi. Baadaye, jalada la upelelezi likifunguliwa, utasikia namba nyingine yenye herufi IR. Uliza namba hiyo na uliza jina la mpelelezi aliyepewa jalada. Watu wengi huishia kwenye RB wakidhani wamemaliza, kumbe wamebisha hodi tu.

Sasa mwandame mtu asiyehusika. Kila siku mfuate yule afande wa kaunta aliyekupokea, mgombeze, mwambie polisi hawafanyi kazi. Yeye ni mtu wa zamu. Kazi yake ilikuwa kupokea na kuandika, na jalada lako hana. Jalada liko upelelezini, na upelelezi una ngazi yake: mpelelezi, juu yake mkuu wa upelelezi wa wilaya anayeitwa OC-CID, juu yake wa mkoa anayeitwa RCO, na kileleni mkurugenzi wa upelelezi wa nchi, DCI. Pembeni inapanda ngazi ya utawala: mkuu wa kituo, OCS, mkuu wa polisi wa wilaya, OCD, kamanda wa mkoa, RPC, mpaka mkuu wa jeshi lote, IGP. Ramani ya polisi nayo si ile ya shuleni. Dar es Salaam ni Kanda Maalum yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke ndani yake, na Tarime na Rorya wana mkoa wao wa kipolisi ingawa kiserikali wako Mara. Zanzibar ina kamishna wake, lakini jeshi ni lile lile moja, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano. Malalamiko yakipelekwa ngazi isiyo yake yanarudishwa chini, na wiki zinakwenda.

Umbo hili lina asili yake. Polisi ya Tanganyika iliundwa mwaka 1919 chini ya Waingereza, na kazi ya kwanza ya polisi wa kikoloni ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya wananchi. Amri ilishuka, saluti ikapanda, raia akabaki nje ya mstari. Ndiyo maana naithamini sana dhana ya polisi jamii, iliyopata nguvu IGP Said Mwema alipoingia mwaka 2006, na nauthamini pia utaratibu wa kupeleka wakaguzi wa polisi kwenye kata. Mkaguzi wa kata anaujua mtaa, anakaa na mtendaji na wajumbe, na ugomvi wa mpaka wa shamba anausikia kabla panga halijatoka. Ukitaka kesi yako ife, usimjue hata jina.

Puuza pia mabega. V mbili ni koplo, V tatu ni sajenti, nyota moja ni mkaguzi msaidizi, mbili ni mkaguzi, tatu ni mrakibu msaidizi. Unaweza kuona ni mapambo ya gwaride, lakini sheria inayaangalia kwa makini. Sheria ya Ushahidi inapomtaja afisa wa polisi anayeweza kupokea ungamo la mtuhumiwa, inamaanisha kuanzia koplo. Ungamo likipokelewa na konstebo asiye na V hata moja, wakili wa utetezi atasimama na kulipinga, na atakuwa na hoja. Mahojiano nayo yana muda: saa nne za msingi tangu mtu awe chini ya ulinzi, na zikihitajika zaidi ziombwe kwa utaratibu. Mimi naona mlalamikaji ndiye anayepaswa kutaka sheria hizi zifuatwe kuliko mtu yeyote. Kipigo cha mahabusu hakimsaidii aliyeibiwa. Kinampa mwizi njia ya kutokea, na asiye mwizi kinampa kilema.

Na siku aliyekamatwa ni ndugu yako, ipoteze haki yake hivi: chukua bahasha, mtafute mtu anayejuana na mtu. Ukutani, pengine juu ya kichwa cha huyo unayetaka kumpa bahasha, pameandikwa kwamba dhamana ni haki na haina malipo. Kinachotakiwa ni mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, anayefahamika anakoishi. Kosa likiwa na dhamana, muulize OCS kwa heshima na bila woga: anashikiliwa kwa kosa gani, tangu saa ngapi, na lini anapelekwa mahakamani. Ukomo wa saa 24 kabla ya kufikishwa mahakamani umewekwa kwa ajili ya swali hilo. Anayekudai fedha, piga 113 kwa TAKUKURU, namba ni ya bure. Na ujue kwamba mtoaji naye ni mkosaji.

Aliyeumizwa asisahau fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza na ndiyo inayoyafikisha majeraha mahakamani. Mwenye hali mbaya akimbizwe hospitali kwanza. Mwanamke au mtoto aliyefanyiwa ukatili aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, asisimulie mkasa wake mbele ya foleni ya walioibiwa kuku. Na nguo zisifuliwe. Mama anayemwogesha binti yake kwa huruma kabla ya kumleta anaosha ushahidi wote, na mshenzi aliyefanya kitendo kile anarudi mtaani akicheka.

Kama yote haya yamekushinda na kesi bado inaishi, inabaki njia moja: badilisha namba ya simu usimwambie mpelelezi. Jalada likikamilika, linakwenda ofisi ya mashtaka, kwa kuwa sheria ya mwaka 2008 iliweka mashtaka chini ya mkurugenzi wa mashtaka, DPP, na mwendesha mashtaka atawaita mashahidi. Wewe ndiye shahidi wa kwanza. Wito utaletwa nyumba uliyohama, simu itakuwa haipatikani, shauri litaahirishwa, litaahirishwa tena, na mshtakiwa ataachiwa huku jalada lenye namba yako ya RB likirudishwa kabatini.